Nilimwambia ni Moshi wa Chai

Kwetu Kasigau nilijulikana kwa mdomo. Si wa kusengenya, ingawa huo nao ninao, bali wa kutuliza watu. Mtu akifiwa, akiugua, mtoto wake akianguka mtihani, mimi ndiye niliyetumwa. Nilijua pa kusema "pole", pa kusema "Mungu yupo", na pa kunyamaza nikamsugua tu mgongo. Wanawake wa kanisani walinitania kwamba mgonjwa nikishamtembelea, hata akifa atakufa ameridhika. Nilicheka nao. Kusema kweli, nilijiona mtu wa maana sana.

Jirani yangu, ambaye tuliolewa mwaka mmoja tukazoea kuitana dada, alikuwa na shamba la mahindi upande wa chini, wanakopita ndovu. Mahindi yakikaribia kukomaa, mumewe alilala huko juu ya dungu, jukwaa la miti alilolijenga mwenyewe, na debe la kupigia kelele. Asubuhi, kabla ya kupanda nyumbani, aliwasha moto akachemsha chai. Kutoka kwetu kilimani uliuona moshi wake, ukajua mlinzi ameamka salama. Hakuna aliyewahi kulipanga jambo hilo, lakini kila mke wa mlinzi aliutafuta moshi kabla hajagusa sufuria zake.

Msimu ule tulikuwa tumefundishwa dawa mpya ya ndovu. Unachukua kinyesi chao kikavu, unakichanganya na pilipili ya kusaga, unafinyanga matofali na kuyaanika. Tofali likiwashwa jioni hufuka polepole hadi kesho yake, na ndovu hawaipendi kabisa ile harufu.

Asubuhi moja dada alinijia leso imefungwa ovyo. Saa mbili ilikuwa imepita, mumewe hajarudi na simu yake haipatikani.

"Alfajiri nilisikia debe likipigwa, halafu likanyamaza," aliniambia. "Nataka nishuke nikaangalie."

Nilitoka naye nje, nikatazama chini. Moshi ulikuwepo, mwembamba, umenyooka.

"Si ule pale?" nikamwambia. "Anachemsha chai. Simu imeisha chaji tu. Kaa, dada, usijitie presha bure. Yuko salama."

Sikuwa na uhakika wowote. Nilisema kwa sababu uso wake ulinisumbua, na kwa sababu nilikuwa hodari wa kusema. Nikammiminia chai, nikamchekesha kidogo. Akakaa.

Saa sita mwanamke aliyekuwa akiokota kuni alimkuta mume wa dada chini ya dungu lililoangushwa na ndovu, bado anapumua, anaomba maji. Moshi ulikuwa wa tofali. Sufuria ya chai ilikuwa kavu. Tulihangaika kupata gari, na barabara yetu ni mawe na mashimo mpaka uifikie lami. Alikata roho kabla hatujafika Voi. Hospitalini daktari aliuliza aliumia saa ngapi, dada akajibu alfajiri. Daktari akatazama saa ya ukutani, akaandika.

Matangani kila mtu alimpa dada pole isipokuwa mimi. Walidhani ni uchungu umenifunga mdomo. Ilikuwa aibu, na hofu. Tangu hapo nikitumwa kwa wafiwa nasema nina mafua. Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, natoka nje na kutazama kule chini ambako hakulimwi tena. Kuna siku naapa nauona moshi. Najua haupo, lakini nasimama hapo hapo mpaka mtu aniite.

Mwaka huu, tulipokuwa tukichambua pojo kwenye baraza yake, nilishindwa kuvumilia.

"Dada," nikasema, "asubuhi ile sikujua moshi ule ulikuwa wa nini. Nilibahatisha."

Aliendelea kuchambua. "Mimi nilijua."

Nikadhani hajanielewa.

"Yale matofali niliyafinyanga kwa mikono yangu," akasema. "Moshi wake naujua hata kwa mbali. Tuliposimama pale nje niliujua. Lakini wewe ulisema ni chai, nami nilikuwa naogopa kushuka kuona. Nikarudi ndani nikaketi. Nilikuomba hata uniongeze sukari."

Maneno yalinijaa kinywani, yale yote niliyowahi kuwapa watu kwa miaka mingi. Nikamwona naye akifungua mdomo, kisha akaufunga. Tukachambua pojo mpaka zikaisha, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kumtuliza mwenzake.