Gari Limekataa Kuwaka na Ukoo Unatafuta Kondoo

Admin, naomba ufiche jina langu na aina ya gari pia, maana ukiitaja tu, Kitale nzima itajua ni mimi. Ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili na duka la dawa za mifugo. Wazazi wangu walihamia huku Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati. Mume wangu ni mtu wa Bungoma, kwao ni upande wa Naitiri, na ameajiriwa na serikali. Ni mtu mzuri, sikatai, lakini kwa hili amenikosea.

Wengine wakitoka kazini hutazama runinga. Mimi hulala chini ya gari. Tuko wachache hapa mjini tunaofufua magari ya zamani kwenye gereji za nyumbani, si kwa biashara, ni raha yetu tu. Marehemu baba alikuwa mmoja wao na ndiye aliyenifundisha. Kabla hajafa alinipa gari lake mbele ya kaka zangu, likiwa limeoza sakafu na injini imekwama. Nimelifanyia kazi miaka minne. Nimekata kutu, nimechomelea sakafu mpya, nimefungua na kufunga kabureta mpaka nikawa naenda kanisani nikinuka petroli. Mume wangu alikuwa akipita na kikombe chake cha chai, "Hiyo takataka itatoka lini tuweke kuku?" Mama mkwe naye alinikataza ovaroli, ati majirani watasema mwanawe ameoa makanika. Nilikuwa nacheka tu, naendelea na spana yangu.

Mwaka huu likawaka. Nikalipaka rangi ya krimu kama alivyokuwa nalo baba, nikalizungusha mjini, watu wakasimama kutazama. Tangu siku hiyo halikuitwa takataka tena, likawa gari la familia.

Shemeji yangu mdogo anaoa. Mume wangu alienda kikao cha harusi huko kwao, mimi nikabaki dukani. Kumbe alisimama mbele ya wazee akatangaza kwamba zawadi yake kwa mdogo wake ni lile gari. Si kumwazima siku ya harusi, ni kumpa kabisa. Wakapiga makofi, wazee wakambariki. Nilipomuuliza aliniambia, "Sasa ulitaka niseme nini na wazee wananiangalia? Si wewe ni wa kwetu? Chako si ni chetu?" Nikamwambia basi angetangaza na duka. Nilijikaza mbele yake, lakini nilipoingia gerejini nililia. Hakuniuliza hata kwa simu, na hilo liliniuma kuliko gari lenyewe.

Sikupiga kelele. Siku shemeji na watu wa kwao walipokuja kulichukua, niliamka mapema, nikafungua distributa nikatoa rota. Kwa wasiojua, ni kipande kidogo kinachoenea kiganjani, na ndicho kinachogawa moto kwa plagi. Bila hicho utazungusha starta mpaka betri ife. Nikarudisha kifuniko vizuri, nikatia rota kwenye mkoba, nikaenda kuwapikia wageni chai. Ufunguo nilimpa shemeji kwa mkono wangu mwenyewe.

Walikuja na mama mkwe pamoja na mchungaji wao, gari liombewe kabla ya safari. Mchungaji akaweka mkono juu ya boneti, tukafumba macho, tukasema amina. Shemeji akawasha. Starta ikazunguka, injini ikakataa. Mchungaji akaomba tena, safari hii kwa sauti kubwa, nami nimeukumbatia mkoba wangu naitikia amina kuliko wote. Bado ikakataa. Shemeji akasema, "Ngoja niite fundi." Mama mkwe akamshika mkono.

"Wacha. Usiguse," akasema. "Hii gari ni ya mtu, na huyo mtu alienda bila kuiachilia. Nyinyi mnabeba tu vitu ya marehemu bila kuuliza?"

Mchungaji akaondoa mkono kwenye boneti. Mume wangu aliniangalia, mimi nikakusanya vikombe. Wakarudi Bungoma bila gari.

Sasa ukoo umekubaliana kupeleka kondoo kwa mama yangu, achinjwe, wamwombe marehemu baba radhi ili gari likubali kwenda na shemeji. Mama amenipigia simu akiwa amechanganyikiwa. "Baba yako amekosana na nani huko, na alikuwa anacheka na kila mtu?" Baba hakuwahi kumnyima mtu kitu, na leo anaitwa mchoyo akiwa kaburini kwa sababu ya kitu nilichofanya mimi. Hapo ndipo ninapoumia.

Lakini mnisikie vizuri. Sijutii kutoa rota, na gari halitoki kwangu. Mtakaoandika kwamba mke mwema hujishusha, andikeni, nitawasoma nikiwa na grisi mikononi. Nikinyamaza, watachinja, gari litakataa tena, wataliogopa na kuniachia, na nyumba yangu itatulia. Nikisema, nitakuwa nimemwaibisha mume wangu, mama yake na mchungaji kwa siku moja, na huenda nikarudishwa kwetu na hilo gari langu.

Wanaenda kwa mama Jumamosi. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Ninyamaze baba abebe lawama yangu, au nirudishe rota, niingie pale uani kwa mama nikiliendesha mwenyewe, niwaambie wamwache marehemu apumzike, kwa sababu aliyekataa ni mimi, na bado nakataa?