Nyeusi ya Mume Wangu, Nyeupe Yangu

Sina subira na mtu anayeniambia ati gari ni chuma tu, kazi yake kukufikisha uendako. Mtu kama huyo hajawahi kukanyaga mafuta pale Juja barabara inaponyooka, asubuhi, lami imekauka, halafu turbo ikaamka. Mimi nilikanyaga. Ilikuwa miaka ya tisini, na hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni mpaka watoto wanauliza kwani kuna nini.

Tulikuwa tunaishi Ruiru. Mimi nilifundisha ushonaji katika chuo kimoja pale Thika, mume wangu akiuza chakula cha kuku. Tulikuwa na pikapu moja, na pikapu hiyo ilikuwa na dereva mmoja, ambaye si mimi. Leseni nilikuwa nayo tangu kabla hatujaoana. Nilikuwa nimeitunza kabatini pamoja na vikombe vya wageni, maana vyote vilitumika sawasawa. Kila nikinyoosha mkono niuchukue ufunguo, bwana alikuwa na sababu. Klachi inasumbua. Kuna matope. Trafiki wamejaa barabarani. "Mama, wewe keti tu, nitakupeleka," alikuwa akisema kwa sauti tamu kabisa, nami nanuna kutoka Ruiru mpaka Thika.

Siku ikafika tukaamua kununua gari ndogo ya nyumbani. Mume wangu alikuwa anapenda mashindano ya magari ya Pasaka kuliko Pasaka yenyewe, kwa hivyo akasema kama ni kununua, tununue kitu chenye mbio. Hapo sikubisha hata kidogo. Tukaenda yadi moja ya Thika, ya mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa akileta gari zilizotumika kutoka ng'ambo, na hapo ndipo tulipokosana. Yeye akapenda nyeusi ya Kijerumani. Mimi nikapenda nyeupe ya Kijapani, yenye tundu la kuvuta hewa juu ya boneti na mkia umesimama nyuma. Kila mmoja akasimama kando ya yake, mkono juu ya mlango, kama mtu anayewekea mwenzake kiti kanisani.

Tulibishana mpaka mzee akatuletea chai. Hapo mume wangu akatoa wazo lake.

"Sikia, mama. Gari ni moja. Mwenye gari itakayochaguliwa ndiye dereva. Mwingine ni abiria, na asinung'unike."

"Na nani atachagua?"

"Maitu."

Akatabasamu, mwizi yule. Maitu ndiye mama yake mzazi, nami pia nilimwita hivyo hivyo kwa heshima. Alikuwa mjane, akiishi Mwiki, na huyu alikuwa mwanawe wa pekee. Nikaona nimekwisha. Nikajiona nimezeeka kwenye kiti cha abiria, mkoba mapajani, naulizwa kama kioo kifungwe. Lakini mdomo wangu haungoji ruhusa. Nikasikia ukisema, "Sawa! Twende kwa Maitu!"

Mzee wa yadi akacheka mpaka kofia ikahama. "Chukueni zote mbili," akasema. "Acheni hiyo pikapu hapa. Jioni mnirudishie moja."

Tukakubaliana kila mtu aanze na gari ya mwenzake, ili asije akasema hakuijua. Kwa hivyo kutoka Thika mpaka Juja niliendesha nyeusi. Na nitasema ukweli hata kama unaniuma: ile gari ilikuwa nzuri. Mlango ukiufunga unalia kwa uzito, kama mlango wa benki. Usukani haukuwa na mzaha, unaugeuza kidogo na gari inageuka kidogo, kiasi ulichoomba. Breki nilizikanyaga pale karibu na mashamba ya mananasi, ikasimama pale pale bila kuyumba, na mkoba wangu ukabaki kitini ulipokuwa. Gia ziliingia taratibu, na mlio wa injini ulikuwa wa mtu aliyeshiba. Nikasema moyoni, woi, hii itanishinda.

Juja tukabadilishana. Nikaingia kwenye nyeupe yangu. Kiti kilinishika mbavu, dashibodi imejaa maandishi ya Kijapani nisiyoyajua hata moja, na redio ilikuwa inanguruma tu kwa sababu haikushika kituo chochote cha Kenya. Usukani mwepesi mno. Nikaanza kuwa na wasiwasi. Nikaweka gia ya tatu, nikakanyaga, hakuna kitu. Nikaendelea kukanyaga. Hakuna kitu. Nikafungua mdomo nitukane, na hapo hapo, Ngai! Turbo ikaamka, kitu kikanisukuma mgongoni, pua ikainuka, na kahawa za kule kando ya barabara zikawa mstari mmoja wa kijani. Nikapiga kelele. Sikuogopa, ilikuwa ni raha tupu, ile ya kutaka kupiga kelele tena. Kwenye kioo nilimwona mume wangu akiwa mdogo, anawasha na kuzima taa ati nipunguze. Nikapunguza, nikangojea anifikie, nikafanya tena.

Mwiki hakukuwa na lami wakati huo. Tuliingia kwa uangalifu, nyeusi ikikwaruza tumbo kwenye kila tuta na mume wangu akifumba macho kila mara, nyeupe yangu nayo ikirusha changarawe kwa sababu mguu wangu ulikuwa bado haujajua kwenda polepole. Tulipofika kwa Maitu, tukakuta jambo ambalo hatukuwa tumelipanga. Kikundi chake cha akina mama wa kanisa kilikuwa kimekutana hapo siku hiyo. Wakaona gari mbili zinang'aa, zinaingia uani zikifuatana, mmoja wetu kwenye kila moja. Wangewaza nini kingine?

"Wamenunua mbili!" mmoja akapaza sauti, na viti vyote vikaachwa.

Kwetu mtoto akizaliwa anapigiwa vigelegele, vitano kama ni wa kiume, vitatu kama ni wa kike. Sasa akina mama wakasimama mbele ya gari wakaanza kujadiliana kama hizi ni wavulana au wasichana. Nyeusi ikakubalika haraka: kifua kipana, uso wa hasira, mvulana. Vitano vikapigwa. Nyeupe ikaleta ubishi. Mmoja akasema mkia ule ni wa jogoo. Mwingine akasema rangi ni ya bibi arusi, na hapo kura ikapita. Vitatu.

"Vitatu?" nikauliza. "Hata hamjaisikia ikinguruma!"

Mume wangu alikuwa anazunguka akipunga mikono. "Wamama, subirini, hatujanunua! Ni za kujaribu tu, moja inarudi leo!"

"Kuombea si dhambi," akajibiwa, na wimbo ukaanza.

Wakaziombea zote mbili, mikono juu ya boneti. Halafu Maitu akatema mate kidogo kwenye viganja vyake, kama wazee wanavyobariki, akapaka ya kwanza, akapaka ya pili. Mume wangu akatazama rangi ya gari za mwenye yadi ikipakwa mate, jasho likamtoka. Mimi nilicheka mpaka nikashika mti.

Ndipo akamweleza mama yake shida yetu, kwa ujanja wake wote. Akamwambia gari ni moja tu, yeye ndiye hakimu, na mwenye kushinda ndiye atakayeendesha. Maitu akasikiliza, akafunga kitambaa chake upya kichwani. Akasema atapanda zote. Akapanda nyeusi kwanza, mwanawe akamketisha kiti cha nyuma kama mgeni wa heshima, wakazunguka mtaa, na kupitia dirishani nilimwona mwanawe akimwonyesha hiki na kile, midomo haipumziki. Waliporudi akashuka. Akaja kwangu, akafungua mlango wa mbele mwenyewe.

"Twende Thika," akasema.

Mume wangu akatangulia na nyeusi. Nilimfunga Maitu mkanda, nikaendesha kwa adabu kabisa mpaka tukafika barabara kuu. Hakimu alikuwa kando yangu, na usukani wangu wa maisha ulikuwa mikononi mwake, kwa hivyo nilitulia kama niko ibada. Maitu hakuniangalia. Macho yake yalikuwa mbele, mikono imeshika magoti.

Tulipopita Ruiru akauliza, "Na hii inaweza kuenda kuliko hapa?"

"Inaweza, Maitu."

"Na kwa nini haiendi?"

Nikakanyaga kidogo. Mbele yetu, nyeusi ilikuwa inaenda zake kwa heshima, mwanawe ndani yake, shingo imenyooka.

"Mpite," akasema Maitu.

"Nani, Maitu?"

"Huyo. Mpite!"

Jamani. Nilishusha gia, nikasubiri ile sekunde ya hakuna kitu, kisha turbo ikatuokota sote wawili. Maitu akasema "Ĩĩ!" kwa sauti ya msichana, akapiga dashibodi kwa kiganja, na tulipomfikia mwanawe ubavuni akamgeukia na kumpungia mkono kama malkia. Sitasahau uso wa mume wangu kwenye dirisha lile. Tulicheka mpaka Thika, mimi na mama mkwe wangu, machozi yakitutoka.

Yadini mume wangu akafika baada yetu, akashuka polepole.

"Haya, Maitu. Sema."

"Hiyo nyeusi ni nzuri," Maitu akasema. "Imetulia. Siku nikiugua, unipeleke hospitali na gari kama hiyo."

Mume wangu akaanza kutabasamu.

"Lakini baba yako alikuwa na lori," akaendelea. "Nilipanda hilo lori wewe ukiwa mgongoni mwangu, nyuma, juu ya magunia, nimegeukia tulikotoka. Mbele walikaa wanaume. Baba yako akafa kabla sijakaa mbele. Mimi barabara nimeiona ikienda, kila siku ikienda. Leo nimeiona ikija." Akanielekezea kidole. "Na aliyenionyesha ni huyu. Mwachie ufunguo."

Mzee wa yadi akajifanya anaangalia tairi. Mume wangu akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa nyeusi na ule wa pikapu, akaziweka funguo zote mbili juu ya meza ya mzee. Akasema pikapu ataifuata Jumatatu, leo anataka kwenda nyumbani na sisi.

Kwa mazoea akaenda mlango wa dereva. Nilikuwa nimeshaketi. Akazunguka upande wa pili, akamkuta mama yake amejifunga mkanda. Akaingia nyuma, magoti karibu na kidevu, kichwa kikigusa paa. Nikawasha injini.

"Mama," akasema taratibu, "polepole, tafadhali."

Maitu akageuka, akamtazama mwanawe.

"Huko nyuma kuna baridi?"

"Hakuna, Maitu."

"Vumbi je?"

"Hakuna."

"Basi wewe una bahati," akasema, akageuka mbele, nami nikaondoa gari.