Mahindi ya Mungu Lazima Yakauke

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa chupa tupu ya soda na pakiti ya chumvi, nikadhani nimetumwa jikoni. Nilikuwa nimetoka Vihiga kumfuata mume wangu, karani wa kiwanda hapa Eldoret, na kanisa letu lilikuwa likitafuta mtunza stoo. Stoo yenyewe haikuwa ya viti na sahani za arusi. Ilikuwa stoo ya maafa: blanketi, turubali, mitungi ya maji, sufuria za kupikia umati, na zaidi ya yote mahindi. Nyumba ikiungua au mto ukifurika, kanisa lilitaka kuwa tayari kabla mtu hajabisha hodi.

Aliyenipa chupa ni Mwenyekiti wa Kamati ya Maafa, mzee mrefu mwenye koti la kijivu ambaye alikuwa amefanya kazi katika ghala la nafaka maisha yake yote. Alinionyesha kazi taratibu. Unakausha chumvi juani, unaitia ndani ya chupa kavu pamoja na punje za mahindi, unatikisa, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yana unyevu. Chumvi ikianguka chini yote, mahindi yamekauka na yanaweza kulala stoo. Nilimuuliza kama hakuna mashine ya kupima. Akasema ipo, ila mashine huisha betri na chumvi haiishi betri.

Halafu akaniambia neno ambalo lilinishika. "Mama, mtu amekimbia mafuriko hana nguvu ya kuchagua chakula. Anakula ile utampatia. Kwa hivyo wewe ndio unamchagulia, na unamchagulia leo, hata kama msiba wake utakuja mwaka ujao."

Nilirudi nyumbani nikilirudia neno hilo. Nilikuwa nimezoea kumwona Mungu kwenye nyimbo na mahubiri, sikuwahi kufikiri kwamba anaweza kunidai punje kavu. Nikajifunza mengine pia. Magunia hayalali sakafuni, yanapangwa juu ya paleti, zile mbao za kuyainua, na yanaachiwa nafasi kutoka ukutani ili hewa ipite. Ya zamani hutoka kwanza, yakapelekwa kwa wajane na shule, ndipo mapya yaingie. Kuna chuma chenye ncha na mfereji ambacho unalichoma nacho gunia ili utoe punje za katikati, maana anayeuza mahindi mabovu huyaficha katikati, juu anakuwekea ya kupendeza. Hilo la mwisho nililijua tangu sokoni kwetu.

Baada ya miaka michache nikahamishiwa Moiben, kwenye stoo kubwa kuliko zote, kwa sababu mahindi ndiko yanakotoka. Mkubwa wangu huko alikuwa Mchungaji wa Parokia, mtu mpole ambaye hakupenda kumuudhi yeyote. Wakulima wa Moiben walikuwa na desturi iliyonifurahisha sana. Wakivuna shamba la kwanza, kabla ya kuuza na kabla ya kula, gunia za kwanza zilikuja kanisani kama malimbuko. Zilipangwa mbele ya madhabahu, zikaombewa, kisha zikaletwa kwangu. Hivyo ndivyo stoo ya maafa ilivyojazwa, sadaka ya Mungu ikawekewa mtu aliye taabuni. Nilipoiona mara ya kwanza machozi yalinitoka.

Ila kuna jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, na mimi mwenye chupa ndiye niliyepaswa kulifikiria. Mahindi ya kwanza kuvunwa ndiyo mabichi kuliko yote.

Miaka ya jua, jambo hilo halikuonekana. Ukaja mwaka ambao mvua ilikataa kuondoka hata wakati wa mavuno. Siku ya malimbuko, wa kwanza kufika alikuwa Kogo Tabitha. Kogo ni nyanya kwa Kikalenjin, na huyu alikuwa nyanya wa kanisa zima. Alileta gunia tisa kwa trekta la mwanawe, yeye mwenyewe ameketi juu yake na kitambaa cheupe kichwani. Waumini wakaimba na Mchungaji akaomba. Nilipofika stoo na kutikisa chupa, chumvi ilishika kioo chote kama unga kwenye mwiko.

Nikamwendea Mchungaji. Alitazama chupa, akatazama nje ambako Kogo alikuwa akipongezwa, akaniuliza kwa upole, "Sasa Mama, hiyo imeombewa tayari. Sadaka inarudishwa kweli?"

 Ningeweza kusema ndiyo, inarudishwa. Badala yake niliona haya, nikazipanga zile gunia tisa katikati ya mrundo, ambako nisingeziona kila asubuhi. Kwenye daftari niliandika "kavu". Hadi leo neno hilo linaniuma.

Wiki sita baadaye mto Sosiani ulivunja kingo zake mjini Eldoret. Nyumba za mabati za kando ya mto zikasombwa, na kufikia asubuhi familia nyingi zilikuwa zimejaa ukumbi wa kanisa letu Eldoret, wengi wao watu wa kwetu Magharibi waliokuja mjini kutafuta vibarua, watoto wakitetemeka kwa ile baridi yetu. Mwenyekiti akanipigia simu, akisema chakula cha hapo kingetosha siku hiyo tu, lori linakuja Moiben kuchukua mahindi yote.

Nilipovunja mrundo, harufu ilinifikia kabla ya macho. Ukungu wa kijani ulikuwa umetoka katika zile gunia tisa, ukapanda za juu na kushuka za chini. Nilichoma gunia moja baada ya jingine, na karibu yote yalitoa punje zenye rangi ya ugonjwa. Ukungu huo una sumu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Nilikaa sakafuni. Dereva wa lori alikuwa nje akinywa chai, na zilikuwepo gunia chache za juu ambazo kwa macho zilikuwa nzuri. Nilijua kwamba nikinyamaza, hakuna atakayeuliza. Walioko ukumbini wangekula wakishukuru.

Nikampigia Mwenyekiti. "Mahindi imeharibika yote," nikamwambia. "Na ni mimi. Nilijua ilikuwa na maji, nikaandika imekauka."

 "Basi hakuna mtu atakula hiyo," akasema. "Mambo yako na yangu tutaongea baadaye. Sasa nenda kwa wenye walileta, uwaambie vile umeniambia."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Niende nikamwambie Kogo Tabitha kwamba malimbuko yake yamekuwa sumu? Nilijua wakulima wakiudhika hawataleta tena, na stoo itakufa mikononi mwangu. Nilipanda boda boda kwenye matope huku nikipanga maneno, na nilipofika yote yakanipotea. Nikamwambia ukweli nikiwa nimesimama mlangoni, viatu vimejaa udongo.

Kogo alikuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kidogo, kisha akaweka ungo chini. "Nilijua haijakauka," akasema. "Lakini malimbuko ni ya kwanza, na sikutaka mtu anitangulie. Nikasema Mungu atamalizia kukausha."

Tukatazamana. Sijui nani alianza kucheka, lakini tulicheka, halafu mimi nikalia. Yeye hakulia. Aliinuka, akamwita mwanawe, akamwagiza afungue ghala la nyumbani, kule walikoweka mahindi ya mwaka uliopita, makavu, ya kula wenyewe. Akasema yapakiwe. Nilimkumbusha kwamba hicho ni chakula chao. Akanijibu kwamba mahindi yake mapya yako shambani, yatakauka siku moja, na yeye ana paa, wale wa mtoni hawana.

Mwanawe akawapigia majirani. Kilichofuata nimekisimulia mara nyingi na bado nywele hunisimama. Trekta zilianza kuingia uwanjani mwa kanisa, moja moja, zikiserereka kwenye tope. Watu wale niliowadhulumu kwa woga wangu walishusha chakula cha watoto wao. Nilikuwa nimeficha chupa ndani ya mkoba kwa aibu. Mzee mmoja akaniambia niitoe.

"Pima, Mama," akasema. "Usituhurumie."

Nikapima gunia kila moja mbele yao, nao wakitazama chumvi kama watu wanaosubiri jibu la daktari. Ilipoanguka chini, mwenye gunia alivua kofia. Nimehudhuria ibada nyingi maishani, lakini sijawahi kuhisi Mungu yuko karibu kama mchana ule, kwenye uwanja wa matope, tukitazama chumvi ikianguka. Lori liliondoka limejaa. Jioni hiyo watu wa ukumbini walikula ugali safi.

Yale mahindi mabovu tuliyachimbia shimo. Mchungaji alisimama ukingoni, akaomba msamaha kwa Mungu na kwangu, akisema swali lake ndilo lililonifunga mdomo. Mimi nikakataa kumwachia kosa, mkono ulioandika ulikuwa wangu. Mwenyekiti hakunifukuza. Alinipa daftari jipya, akaniambia ninakili kila kitu upya, na lile neno "kavu" nilifute mbele yake.

Tangu hapo desturi ikabadilika. Siku ya malimbuko mkulima huleta mahindi mawili mikononi, mabichi na majani yake, yakaombewa. Gunia hufuata zikiwa zimekauka, na hakuna linaloingia stoo kwa sababu ya heshima ya mwenye nalo. Nilipeleka utaratibu huo Ainabkoi nilipohamishiwa, ambako ukungu wa asubuhi hufanya ukaushaji kuwa kazi ya imani, na mwishowe nikarudi Eldoret kama Msimamizi wa Stoo zote hadi nilipostaafu.

Nyinyi mnaoanza kazi hii mna mashine nzuri, mna simu na mafunzo. Mtasikia watu wakisema kujitayarisha ni kukosa imani. Msibishane nao, wapeni jembe la kuchimba mtaro. Mimi bado nashangaa kwamba Mungu anayeshika mvua alikubali kumlisha mtu mwenye njaa kupitia mikono ya mwoga kama mimi.

Mwaka jana, nikiwa mstaafu, nilipeleka stoo gunia langu kutoka kashamba kangu ka Kapseret. Aliyekuwa mlangoni ni Chebet, msichana niliyemfundisha kazi mwenyewe, sasa ndiye mtunza stoo. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na Mchungaji Kiongozi alikuwa amesimama hapo karibu. Chebet alipima mara moja, akarudia.

"Mama, bado iko na maji," akasema. "Rudi nayo ikauke kwanza."

Macho hakuyaangusha. Hakuna aliyemkemea. Nikaona haya ikinipanda, kisha ikaniisha yote, nikabaki na furaha ambayo sikuwa nayo hata siku ya kuagwa kazini. Kuna mtu mahali fulani ambaye hajui msiba wake unakuja, na ukija hatakula kosa langu. Nikamsalimia Chebet kwa mikono miwili, nikamwita kijana wa boda boda, nikarudi na gunia langu nyumbani.