Nafasi ya Mwisho kwenye Benchi

Haya ninayoyasema niliyaona mchana kweupe, nikiwa nimeshiba ugali, sina homa, na pombe sijawahi kuionja. Anayetaka kubisha aanze na bosi wangu, maana naye aliyasikia kwa masikio yake, na hakuwa mtu wa kuamini mambo ya mizimu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini kampuni moja ya mitambo ilifungua ofisi Kisii mjini, pale kilimani. Kazi yao ilikuwa kufunga redio za mawasiliano kwenye viwanda vya majani chai, zile ambazo lazima ubonyeze kitufe ndipo uongee. Walitaka fundi mmoja tu. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, msichana peke yangu darasani, na nasema bila haya kwamba wavulana wote niliwaacha nyuma. Taabu ilikuwa nyumbani, Gesima. Baba alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mahari kutoka kwa mzee mmoja wa Nyansiongo aliyefiwa na mkewe.

"Nenda hiyo intaviu yako," aliniambia. "Ukipata kazi, ng'ombe watarudi. Ukikosa, Jumamosi unaolewa, na nisisikie tena habari ya waya."

Usiku huo ng'ombe wale walilia zizini hadi alfajiri. Wewe ungepata usingizi?

Siku ya intaviu, sisi tuliokuja kutafuta kazi tulikuta benchi moja kwenye baraza ya ofisi. Wenzangu wote walikuwa wanaume, na kijana aliyekaa karibu nami alikuwa ameweka begi lake mwisho wa benchi kana kwamba nalo limekuja kutafuta kazi. Ndipo akaja bibi mmoja mzee, amejifunga shuka kuukuu, akitembea polepole. Mguu wake wa kulia ulikuwa umejaa ebitinge, zile pete za chuma ambazo bibi zetu walivaa wakishaolewa. Wa kushoto ulikuwa mtupu. Nikaona ajabu, lakini mtu mzima hatazamwi miguu.

Hakuna aliyemsalimu. Nilikasirika, niamini! Nikamwambia yule kijana atoe begi lake, nikamkaribisha bibi, mimi nikasimama.

"Magokoro, kaa hapa," nilimwambia kwa Ekegusii, yaani nyanya.

Akakaa. Akaniuliza jina, nikamtajia. Akacheka. "Hata mimi naitwa hivyo. Umekuja kufanya nini hapa?"

"Kutafuta kazi ya mashine inayoleta sauti za watu walio mbali."

Akasema, "Basi ukisikia natembea, ondoa mkono."

Sikumwelewa. Wazee wana maneno yao. Yule kijana akanigusa kiwiko, "Sista, si ukae? Nafasi iko."

"Nimempa huyu bibi."

Alitazama pale, akanitazama mimi, kisha akasogea mbali nami taratibu.

Nikaitwa ndani. Meneja alikuwa Bwana Odhiambo, mtu wa kutoka upande wa ziwa, umri wa baba yangu. Akaniuliza, "Utapanda mlingoti wa antena na hiyo sketi?"

"Nitavaa suruali ndani yake."

Akaguna. Akanionyesha redio mezani iliyokuwa kimya kama jiwe. Wenzangu watatu walikuwa wameshashindwa nayo. Nikaifungua, nikakuta waya umeachana na mahali pake, nikauchomea kwa risasi iliyoyeyushwa. Mara karani wa kiwanda kimoja huko Nyamira akasikika wazi akilalamikia lori lililochelewa. Bwana Odhiambo akatabasamu hadi magego yakaonekana. Moyoni nikawaaga wale ng'ombe.

Hapo sauti ya karani ikafifia. Kwenye spika kukaingia sauti nyingine: chuma juu ya chuma, hatua moja, kimya, hatua nyingine. Mtu mwenye pete mguu mmoja anatembea hivyo. Nikakumbuka maneno ya bibi. Nikaondoa mkono kwenye redio, nikauchomoa waya wa antena unaotoka mlingotini, nikautupa sakafuni.

"Wee! Nani amekuambia ukate?" Bwana Odhiambo alifoka. "Waya huchomolewa radi ikikaribia, na mvua yenyewe bado iko mbali, huko Suneka! Hii ni mali ya kampuni, si ya nyanya yako!"

Akainama aurudishe. Nikamshika mkono. Fikiria, msichana kumkamata mzee kifundo cha mkono ofisini mwake! Nilijua nimeitupa kazi, na Jumamosi inanijia. Lakini sikumwachilia.

Radi ikapiga mlingoti. Ncha ya ule waya ilitema moto sakafuni, ukuta ukabaki na alama nyeusi ndefu. Tulipopata tena masikio, yeye ndiye aliyeuliza kwanza, kwa sauti ndogo: "Huyo aliyekuwa anatembea na vyuma ni nani?"

Nikatoka mbio barazani. Mwisho wa benchi hapakuwa na mtu.

Jioni nilimsimulia baba. Nilipofika kwenye pete aliacha kutafuna. "Mguu gani?"

"Wa kulia."

Akasukuma sahani. Mama yake, ambaye mimi nilipewa jina lake, aliuawa na radi akitoka soko la Kisii, akijikinga mvua kilimani pale pale kabla hapajajengwa. Radi ilizipasua pete za mguu wa kushoto. Alizikwa na za kulia tu, na baba hakuwahi kunieleza hayo. Alilia mbele yangu, mara ya kwanza na ya mwisho. Asubuhi akawaswaga ng'ombe mwenyewe hadi Nyansiongo.

Nilifanya kazi pale hadi nikastaafu. Kila radi ikikaribia nilisikia zile hatua, nami nilichomoa waya bila kuuliza. Baadaye mimi ndiye niliyekuwa nikiwahoji vijana. Walikuja na vyeti vizuri na mabegi makubwa. Siku moja akaingia msichana mmoja, kabla hajakaa akaniambia, "Samahani, mama. Kuna bibi huko nje amengoja sana. Si mngeanza na yeye?"

Kazi nilimpa msichana huyo.

Basi nawe, ukienda kutafuta kazi popote, usiweke begi lako mwisho wa benchi kabla hujauliza kama pana mtu. Hata wakikujibu hapana mtu, liweke chini.