Mita Mpya ya Kinu cha Panda

Tik.

Ndivyo ulivyolia mshale wa mita ya zamani ya umeme kila asubuhi kinu kilipowashwa. Uliruka kutoka sifuri, ukagonga kijiti cha mwisho wa kioo, tik, kisha ukarudi polepole na kutulia karibu na ampea tisini. Lambert Kaumba alikuwa ameusikia mlio huo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mkewe alisema kwamba siku Lambert atakapoukosa ataamini amekufa, na atakataa chai.

Lambert alizaliwa mtaani Panda, katika nyumba ya vyumba viwili ya kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini, akajifunza umeme katika shule ya kampuni, akaoa Panda, akazeeka Panda. Jumapili aliimba sauti ya nne parokiani. Siku nyingine alisikiliza mota. Aliweka kiganja juu ya mgongo wa mota, akainamisha kichwa, akasema beringi ya kushoto imebaki na wiki mbili, na wiki mbili zikipita beringi ya kushoto ilikufa bila kumwaibisha. Wasomi wanasema umeme hauna sauti. Lambert hakubishana nao. Aliwaachia umeme wao wa vitabuni, akabaki na wake.

Kinu kilikuwa kikisaga unga wa posho ya wafanyakazi enzi za kampuni. Sasa kilikuwa mali ya Directeur Magloire, mtu mnene mwenye haraka, ambaye alikinunua pamoja na mota, kabati la umeme, na Lambert. Siku moja gunia la mahindi lilianguka likavunja kioo cha mita ya zamani, na Directeur akafurahi kama mtu aliyefiwa na mjomba tajiri.

"Njo bon," alisema, kwa Kiswahili cha Panda, ambako ndiyo huwa njo na mimi huwa minye. "Tutatia ya digital. Namba nyekundu! Hata wageni bakiingia, baone kama huku kuko sérieux."

Mita mpya ikaja katika boksi dogo: uso mweusi, vitufe vinne, na kijitabu cha Kichina. Pamoja nayo akaja Ingénieur Blaise, mhandisi kijana wa Lubumbashi, amevaa viatu vyeupe. Katika kinu cha unga hilo lilikuwa wazo zuri sana; vilibaki vyeupe mpaka jioni.

"Papa, weye njo aide wa hapa?" aliuliza Blaise bila kugeuka, kama anayemwita msaidizi.

"Minye njo électricien wa hapa, mon ingénieur. Toka mbele uzaliwe."

"Ah, bon. Basi unishikilie taa."

Lambert akashika taa. Ni kazi rahisi kushika taa, ila inachosha mkono wa mtu aliyekuwa akishikiwa.

Msomaji asiyefanya kazi hii anahitaji kujua jambo moja tu. Waya mnene wa umeme haupiti ndani ya mita, ungeiunguza. Unapita katikati ya pete ya chuma. Pete inanusa umeme unaopita, inapeleka kipimo kidogo tu kwenye mita, na mita lazima iambiwe kipimo hicho ni sehemu ya ngapi. Ukiidanganya siku ya kwanza, nayo itakudanganya siku zote, kwa uaminifu mkubwa na namba nyekundu.

Pete tatu za kinu, moja kwa kila waya mnene, zilikuwa nyuma ya bamba la bati lililofungwa kwa skrubu kumi na nne, zote zenye kutu. Blaise alizihesabu, akatazama viatu vyake, akaingiza simu katika upenyo na kupiga picha. Kwenye picha kibandiko cha pete kilisomeka vizuri: 200/5, yaani zikipita ampea mia mbili, tano tu ndizo zinazofika kwenye mita.

"Voilà," alisema. Kisha, kwa sababu hakuwa kijana mbaya, akauliza: "Papa Lambert, nyuma ya hii tôle kuko kintu minye napashwa kujua?"

Swali lilikuwa zuri, na lilikuja kwa adabu. Lambert alikuwa na jibu lake tangu mwaka elfu moja mia tisa themanini na tisa. Mwaka huo pete za 100/5 ziliungua, na katika magazeni, ghala la kampuni, hazikubaki ila za 200/5. Mshale wa mita ulitengenezwa kwa pete za mia moja. Haukufaa kwa pete hizo. Basi Lambert na rafiki yake Tshimanga wakafanya kama walivyofanya watu wa karakana za Panda waliponyimwa kipuri: waliupinda kila waya mnene wakaupitisha katika pete yake mara mbili. Pete ikinusa umeme uleule mara mbili, ya mia mbili inafanya kazi ya ile ya mia. Mshale ukasema kweli. Tshimanga alichukua rangi nyeupe na brashi ili aandike juu ya bati: WAYA UMEPITA MARA MBILI. Lambert akamcheka. "Ya nini kuandika? Shiye si tuko hapa?"

Tshimanga alikufa. Lambert alikuwa bado yuko hapa, na taa mkononi.

"Hakuna kintu, mon ingénieur," alijibu. "Weye njo ulisoma."

Blaise akabonyeza. Mita iliomba namba ya siri, naye akaifunika kwa kiganja kama mtu anayeficha kura yake. Kila kitufe kililia, bip, na Lambert, aliyekuwa akihesabu meno ya gia kwa sikio, alihesabu bip hizo bila hata kutaka. Siri kubwa ya kinu ilikuwa 0001, kama ilivyotoka kiwandani. Kisha Blaise akaandika 200, akahifadhi, akarudi Lubumbashi.

Kinu kikawashwa. Hakukuwa na tik. Mita iliwaka kimya, ikasema 178.

Lambert alitabasamu siku mbili. Aliweka kiganja juu ya mota, akasikia tisini kasoro moja, kama jana, kama mwaka juzi. Fyuzi zilikuwa za mia moja ishirini na tano na zilikuwa baridi. Alingoja Directeur ampigie simu ingénieur wake na kumuuliza ni fyuzi gani inayobeba mia moja sabini na nane bila kutoa hata jasho: fyuzi, au mtakatifu?

Lakini Directeur hakuuliza kuhusu fyuzi. Alisimama mbele ya namba nyekundu, akasoma kibandiko cha mota, akatoa hesabu.

"Moteur inakula tisini," alisema. "Mita inasema mia moja sabini na nane. Ile ingine inaenda wapi?"

Kutoka ndani ya kinu ulitoka waya mmoja tu. Uliruka ukuta wa nyuma ukaingia katika chumba cha Fidélie, mjane wa Tshimanga, ambaye kampuni ya zamani ilimwachia chumba hicho, mali ya kinu, na umeme wa taa. Fidélie alikuwa na friji moja ya kugandishia. Ndani yake aliweka samaki wa barafu waitwao thomson, akawauza asubuhi mbele ya mlango.

"Njo ule!" Directeur alipiga makofi. "Mwizi!"

"Directeur," alisema Lambert, "na friji moja?"

"Friji moja tunayoona."

Kwa umeme ule Fidélie angeweza kugandisha Panda yote, na watu ndani yake, na bado angebaki na wa kupigia pasi. Lambert alijaribu tena. Alisema kinu kikizimwa mita inashuka mpaka mbili. Kama ni mwizi, mbona haibi kinu kikilala?

Directeur alimtazama kwa huruma. "Papa Lambert, muzee wangu. Uko mutu wa muzuri, hauelewe wezi. Anaiba tu wakati shiye tunasaga, juu tusimuone. Ule mama iko na akili!"

Hoja ya namna hiyo haina mlango wa kutokea. Ilikuwa Alhamisi. Directeur akaamuru kwamba Jumatatu asubuhi waya utakatwa, na mama atatoa vyombo vyake. Mkata waya, bila shaka, ni électricien wa kinu.

Jumapili Lambert aliimba vibaya. Mwalimu wa kwaya alimtazama mara mbili. Baada ya misa Fidélie alimngoja kando ya ukuta wa kanisa, kitenge chake cha mama wa Wakatoliki kimepigwa pasi vizuri. Alimwita mulamu, yaani shemeji, kwa maana marehemu mumewe alimwita Lambert ndugu.

"Mulamu, banasema minye niliiba."

"Nilisikia."

"Minye sijue hata umeme inaibwa namna gani. Inatiwa mu ndoo?" Alicheka kidogo, kisha uso ukaacha kucheka. "Nitaenda wapi na ile friji? Nitaibeba ku kichwa? Weye uko sikio ya ile kinu. Tshimanga alikuwa anasema: Lambert anasikia umeme kama mama anasikia mutoto wake. Basi weye unasikia nini?"

Lambert alisikia kengele, watoto, muuza maji. Alisema ataona.

"Utaona nini, mulamu?"

"Nitaona."

Ni jibu zuri. Linamwezesha mtu kutembea mpaka nyumbani.

Jumatatu Blaise alikuja pia, kwa sababu Directeur alitaka ingénieur ashuhudie. Fidélie alisimama mlangoni mwa kinu, mikono juu ya tumbo. Friji yake ilikuwa tayari nje, imefunikwa mfuko, na samaki wake walikuwa wanaanza kulia maji. Mita ilisema 178, kwa utulivu wa kitu kisichokuwa na jirani.

Directeur alimpa Lambert koleo.

Lambert aliipokea. Alitazama ngazi, akatazama waya juu ya ukuta, kisha akaweka koleo mfukoni, akachukua bisibisi.

"Directeur, zimisha kinu."

"Ya nini?"

"Zimisha. Ile waya haitakimbia."

Kinu kikanyamaza. Lambert alishusha swichi kubwa, akaifunga kwa kufuli lake, akaanza skrubu ya kwanza. Skrubu kumi na nne zenye kutu ni sala ndefu. Hakuna aliyeweza kuifupisha. Ya kumi na nne ilipotoka bati likashuka, na vumbi la miaka likamwagika juu ya viatu vyeupe vya Blaise, na mara hii halikuwa la unga.

"Mon ingénieur, karibia. Hesabu."

Blaise aliinama. Aliweka kidole juu ya waya wa kwanza, akaufuata: ukaingia katika pete, ukazunguka, ukaingia tena. Alifanya hivyo kwa wa pili na wa tatu. Akarudia wa kwanza, kana kwamba ungeweza kubadili nia.

"Mara mbili," alisema. "Directeur... inapita mara mbili. Basi rapport si mia mbili. Ni mia moja."

"Sema Kiswahili."

"Mita inahesabu kila kintu mara mbili."

Lambert alirudisha bati, akaondoa kufuli, kinu kikawashwa. Kisha akasimama mbele ya mita. Alishikilia kitufe cha kwanza mpaka ikaomba siri, akaweka 0001. Blaise alifungua mdomo, akaufunga. Lambert alitafuta ile 200, akaishusha mpaka 100, akahifadhi. Namba nyekundu zikazimika kwa muda wa pumzi moja.

89.

Mlangoni Fidélie alishika fremu. Directeur alisoma namba, akasoma kibandiko cha mota, akasoma namba tena. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake: akimpoteza mkosaji mmoja, humtafuta mwingine upesi.

"Bon. Maman Fidélie, rudisha friji yako. Lakini nani alifanya hii ujinga? Nani anapitisha waya mara mbili na haandike hata neno moja?"

Blaise, ambaye alikuwa ameuliza swali lake siku ile na kupewa jibu, alimtazama Lambert kwa muda mrefu. Kalamu aliiacha mfukoni. Pengine ilikuwa adabu, na pengine alitaka kuona.

"Itakuwa ule Tshimanga," Directeur alijijibu. "Njo alikuwa hapa zamani, si vile? Bale balikufa bana kazi yao. Ule bwana alituachia mutego, kidogo bibi yake mwenyewe aingie ndani! Ingénieur, uandike mu rapport: kosa ya marehemu Tshimanga."

Blaise akatoa kalamu.

Lilikuwa suluhisho safi. Marehemu hafukuzwi kazi. Haitwi ofisini, hanyimwi cheti, hachekwi na vijana wa Lubumbashi. Lambert alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu, na Directeur alikuwa ameshamshika bega na kusema, "Asante, muzee, umetuokoa." Hakuhitaji kufanya chochote ila kunyamaza, na kunyamaza alikuwa amejifunza vizuri wiki ile.

Fidélie hakuondoka. Alisimama nyuma ya bega la Blaise, akitazama kalamu ikiandika jina la mumewe, midomo yake ikilifuata herufi kwa herufi.

Kinu kilikuwa kikinguruma, na ili usikike ndani yake lazima upige kelele. Lambert hakupiga kelele. Alimsogelea Fidélie, karibu kiasi kwamba Blaise pia angesikia, na kalamu ikasimama.

"Tshimanga alitaka tuandike," alisema, chini sana. "Ni minye nilikatala. Na nilijua, mulamu. Toka siku ya kwanza nilijua."