Kitabu Alichowekewa Rukia

Leo nimejiita Rukia mbele ya mzee wa watu, na mimi si Rukia.

(Rukia mwenyewe nimemfungia asione status zangu, hili halioni.)

Rukia ni shoga yangu tangu madrasa. Sote twajiandaa na mtihani wa kuingilia masters ng'ambo. Alama zake za majaribio zapanda kila wiki, zangu zimekwama. Kila akinitajia zake hutia na "alhamdulillahi", nami nacheka huku roho yaniuma.

Basi leo nimepita kwa mzee auzaye vitabu vya mitumba, Kisauni. Nikakiona kile kitabu cha mtihani ambacho kila mtu anakisifu. Kimefungwa kwa mpira, na kijikaratasi juu: RUKIA.

"Shikamoo mzee. Hiki cha nani?"

"Marahaba. Cha msichana aliyenipigia simu, hajafika bado."

Wallahi sijui nilipatwa na nini.

"Ndiye mimi."

Nikalipa chapuchapu, nikageuka.

"We Rukia! Wasahau cha mwenzako!"

Akatoa kingine, cha hesabu, bado kizuri. Juu kimeandikwa: MWANAISHA.

Mwanaisha ni mimi.

"Si ulisema hesabu zamtesa na aona haya kusema? Mwambie asivunjike moyo."

Nimerudi nyumbani Mtopanga na vyote viwili. Jamani, hata huo wema wake Rukia namwonea wivu!

Sasa hivi ameniandikia: "Shoga, kesho nisindikize Kisauni, kuna kitu nimekuwekea."

Haya, nyinyi wenye roho safi, nimjibu nini?