Kuacha Kukagua na Kusimama Kukagua

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, kila mtu alimwita Mama Pasi. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa akinyoosha makoti ya madaktari, na Kiingereza chake cha kuungaunga kilimtosha, mpaka msimamizi mpya alipobandika tangazo juu ya mashine: "Stop to check pockets."

"Anasemaje huyo?" wenzake wakauliza.

"Tuache kukagua mifuko," akajibu, kifua mbele.

Wakaacha. Siku ya tatu kalamu ikapasukia ndani ya mashine, makoti kumi na manne yakatoka na madoa ya buluu. Msimamizi alipouliza nani aliyetafsiri, macho yote yakamgeukia Mama Pasi. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini hakulia. Alinakili tangazo lile kwenye kipande cha boksi, akaenda nalo nyumbani kwa mkaza mwanawe, mwalimu wa Kiingereza.

"Mama, hata mimi lilishanichanganya hilo," mkwewe alimwambia. "Sisi tuna 'kukagua' moja, wao wanazo mbili. 'Stop checking' ni acha kukagua. 'Stop to check' ni simama kwanza, ukague."

"Yaani hako ka-'to' ndiko kalikoniumbua?"

"Ndiko, mama."

"Basi nifundishe yote, mwanangu. Na usinionee huruma."

Hakumwonea. Kila jioni walikaa mezani, akikosea anafuta, anaandika upya. "Boiling" ilimtoa jasho: hapa ni kuchemsha kwenyewe, pale ni maji yanayochemka.

"Neno gani hili lenye sura mbili!" alifoka.

"Jiulize tu, mama: linataja kazi, au linaeleza kitu kilivyo?"

Alijiuliza hadi akiwa anapiga pasi, midomo ikimcheza.

Mwezi wa pili yakaletwa madumu ya sabuni mpya, maelezo yote Kiingereza. Mama Pasi akajitokeza kabla hajaitwa. Wenzake wakaguna.

"Unataka kututia matatani tena?" mmoja akamuuliza.

"Nikikosea, nitafua peke yangu wiki nzima."

Akasoma. "After adding soap", baada ya kutia sabuni, subirini. "Boiling water", maji yanayochemka, msitumie. Msimamizi alifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akampa kalamu nene aandike tafsiri ukutani.

Jioni ile mkwewe alimpongeza, akataka wapumzike.

"Tupumzike nini?" Mama Pasi akavuta kiti. "Hiyo 'having washed' bado sijaielewa. Lete daftari."